Somo wangu ni Felista

Tumsifu Yesu Kristo. Haya ni maneno niliyoongea kwenye semina ya kina mama pale parokiani, Jumamosi ile ya mvua. Wengine mliondoka mapema mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, sijayapiga pasi. Ukikuta nimeruka ruka ujue hata siku yenyewe niliruka ruka.

Nilianza na swali, nani humu anajua habari za somo wake? Mikono ilikuwa michache jamani. Kina Maria na kina Teresia walinyoosha haraka, lakini kina Agata, kina Sesilia, kina Anastasia, mmejaa kwenye jumuiya zetu na mlitazama chini kama watoto wasiofanya homuwaki. Sikuwacheka, maana mimi mwenyewe naitwa Felista, nyumbani Feli, kazini Madam Felista, na kwa miaka 40 na kitu nilichojua ni kwamba hilo ni jina la Kizungu. Bibi yangu mzaa mama alilipata kwa Mapadri Weupe, wale wamisionari wa kanzu nyeupe, mimi nikalirithi kwake, hatukuulizana zaidi ya hapo.

Na kanisani usitegemee kusikia sana. Sikukuu ya somo wangu Felista na mwenzake Perpetua ni tarehe 7 Machi, na tarehe 7 Machi karibu kila mwaka inaangukia ndani ya Kwaresima, sasa Kwaresima inameza kumbukumbu za watakatifu, padri akikumbuka anasoma sala moja tu ya mwanzo kisha tunaendelea na zambarau yetu. Ila ukitega sikio siku padri akitumia ile Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ndefu ambayo wengi tunaitumia kuangalia saa, mle ndani majina yapo: Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Agnesi, Sesilia, Anastasia. Wanawake 7 mfululizo. Felisita ndo sisi kina Felista.

Sasa stori yenyewe. Mwaka ni 203. Mahali ni Karthago, mji mkubwa sana wa Afrika ya Warumi, leo magofu yake yapo pembeni ya Tunis nchini Tunisia. Kaisari ni Septimius Severus na yeye mwenyewe mzaliwa wa Afrika, mtu wa Leptis Magna, Libya ya leo. Kwa hiyo ile picha ya kichwani kwamba wafiadini wa kale wote ni mambo ya Roma na Ulaya, itoe. Walikamatwa vijana wachache waliokuwa bado wanasoma mafundisho, wakatekumeni: Revocatus na Felista, hawa wawili watumwa, halafu Saturninus na Secundulus, na Vibia Perpetua, binti wa familia yenye uwezo, ana miaka kama 22, kasoma, kaolewa, ana mtoto mchanga ananyonya. Walibatizwa wakiwa wameshashikwa. Mwalimu wao Saturus hakuwepo siku ya kukamatwa, akaenda kujipeleka mwenyewe. Mume wa Perpetua hatajwi popote, hata mara moja, na wasomi wameandika vitabu kuhusu huyo mume asiyekuwepo, mimi napita.

Kinachonifanya nisimame hapa mbele yenu ni kwamba Perpetua aliandika. Mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa gerezani. Ni katika maandishi ya zamani kabisa tuliyo nayo ya mwanamke Mkristo, na wala si mahubiri, usitegemee "enyi ndugu wapendwa", ni daftari la mtu aliyefungwa. Kuna mtu mwingine aliandika utangulizi na akamalizia mwisho, ila katikati ni sauti yake, na inaongea mambo ambayo mwanaume wa zama zile asingekumbuka kuyaweka kwenye kitabu kitakatifu. Maziwa, kwa mfano. Nitakuja kwenye maziwa.

Kwanza baba. Baba yake ndo mwenye uchungu kuliko wote humo ndani, na mimi kila nikisoma namwonea huruma kuliko hata binti. Anakuja kumsihi akane. Perpetua anamwonyesha chombo kilichopo pale chini, tuseme mtungi, anamwambia baba unakiona hiki? Nakiona. Kinaweza kuitwa jina lingine tofauti na kilivyo? Hakiwezi. Basi na mimi siwezi kujiita kitu kingine tofauti na nilivyo, mimi ni Mkristo. Mzee aliposikia hilo neno alimrukia kama anataka kumng'oa macho, halafu akaondoka zake, na Perpetua anaandika kabisa kwamba zile siku chache asizomwona baba alimshukuru Mungu na akapumua. Hapo mlicheka. Nami nilicheka mara ya kwanza nilipoisoma, kwamba mtakatifu anashukuru baba yake hayupo, lakini ndo ukweli wa mtu aliyebanwa pande zote.

Halafu wakatupwa gerezani, na hapa haleti ushujaa. Anasema niliogopa sana, sijawahi kuona giza kama lile. Joto, msongamano, askari wanawakamua wafungwa hela, na juu ya yote mawazo ya mtoto. Wakaja mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, wakafanya nini? Wakatoa kitu kidogo. Ndiyo, mmenisikia vizuri, mashemasi watakatifu wa Mungu walitoa kitu kidogo kwa askari ili wafungwa wapelekwe sehemu yenye nafuu kwa saa chache, na Perpetua ameiandika bila aibu wala kuomba radhi. Kuna mama mmoja pale mbele aliuliza, kwa hiyo inaruhusiwa? Nikamwambia mama, hiyo kamuulize padri, mimi nasoma kilichoandikwa.

Kwenye hizo saa chache akamnyonyesha mtoto, alikuwa ameshalegea kwa njaa. Baadaye akapata ruhusa akae naye mle mle ndani, na hapo anaandika sentensi ambayo mwanamke yeyote aliyewahi kulala wodini mtoto wake akiwa chumba kingine ataielewa, kwamba gereza ghafla likawa kama ikulu kwake, hakutaka kuwa mahali pengine popote. Angalia, amri ya kufa iko njiani, lakini kifua kimepungua uzito na mtoto kashiba, basi pale ni ikulu.

Ndoto zake ni nyingi, ila moja siwezi kuiacha. Ameota ngazi ya shaba ndefu mpaka mbinguni, nyembamba ya mtu mmoja mmoja, pembeni imefungiwa mapanga, mikuki, ndoano na visu, ukipanda ovyo unachanwa, chini yake joka kubwa limelala. Akalikanyaga joka kichwani kama ndo daraja la kwanza, akapanda. Juu kuna bustani, na mzee mrefu mwenye mvi amevaa kichungaji anakamua kondoo. Hafanyi miujiza, anakamua tu. Akainua uso akamwambia karibu mwanangu, akampa tonge la maziwa yaliyoganda, Perpetua akalipokea kwa mikono miwili iliyounganishwa, akala, waliosimama pale wote wakasema Amina, na ile sauti ikamwamsha, bado anatafuna kitu kitamu. Kitu kitamu gani, hasemi. Sisi tuliokulia kwenye maziwa mgando hatuhitaji mfafanuzi hapo.

Siku ya hukumu wakapelekwa mbele ya liwali Hilarianus, umati umejaa. Baba akatokea na mtoto mikononi, akamvuta binti pale kwenye ngazi, mhurumie mtoto! Hata liwali akasema hurumia mvi za baba yako, mhurumie mtoto, toa sadaka kwa ajili ya afya ya makaisari. Sitoi. Wewe ni Mkristo? Ni Mkristo. Mzee akaendelea kung'ang'ania mpaka liwali akaamuru achapwe fimbo, akachapwa mbele ya watu, na Perpetua anasema niliumia kama nimechapwa mimi. Kuna mahali kabla ya hapo mzee anambusu mikono, anaanguka miguuni pake, na anaacha kumwita binti, anamwita bibi, yaani vile mtumwa anavyomwita mwenye nyumba. Sisi baba akimwita binti yake mama ni mapenzi. Kwa Warumi baba ndo mwenye nyumba na kila kilichomo, sasa huyu kapiga magoti na kumwita binti yake bibi, na binti hakugeuka.

Nikiri kitu. Miaka yote kwenye semina tunaambiwa mtakatifu ni mtu aliyekaza, hatikisiki, kama sanamu ya plasta. Perpetua ametikisika kila ukurasa. Ana huzuni ya baba, ana hofu ya giza, ana wasiwasi wa mtoto, na akishahukumiwa anamtuma shemasi Pomponius kwa baba aombe mtoto aletwe anyonye, baba kakataa. Hapo nilifumba kitabu. Nilipofungua anasema Mungu alivyotaka, mtoto hakulilia tena ziwa, na matiti yangu hayakuwaka moto. Basi. Kina mama mnajua kumwachisha mtoto ghafla kulivyo, homa, vifua kama mawe, majani ya kabichi kwenye sidiria. Yeye anauhesabu huo kama muujiza, na haumo kwenye mahubiri yoyote niliyowahi kusikia, labda kwa sababu wanaohubiri hawajawahi kuvimba matiti.

Sasa Felista. Huyu hana daftari. Kila tunachojua juu yake kimeandikwa na mwingine, na hilo lenyewe linaniuma, maana mimi ni wa jina lake. Mara moja nilimsikia mhubiri, simtaji, akisema kwa furaha kabisa kwamba Felista alikuwa hausigeli wa Perpetua. Kitabu hakisemi hivyo popote! Kinasema alikuwa mtumwa, mtumwa pamoja na Revocatus, mtumwa wa nani hakitaji. Sisi ndo tumempangia kazi jikoni kwa Perpetua, kwa sababu tukiona mwanamke tajiri na mwanamke maskini kwenye picha moja tunajua tayari nani anaosha vyombo.

Alikuwa na mimba ya miezi 8. Sheria ya Warumi haikuruhusu mjamzito auawe, kwa hiyo hofu yake ilikuwa kinyume na ya kwetu, aliogopa kucheleweshwa, wenzake watangulie yeye abaki aje auawe baadaye na wahalifu wasiomjua. Wenzake wakamwombea, siku chache kabla ya michezo ya uwanjani, ambako walihukumiwa kutupiwa wanyama, uchungu ukamkamata, uchungu mkali wa mtoto kabla ya wakati, analia. Mmoja wa wahudumu wa gereza akamcheka, kama unalia hivi sasa, ukitupiwa wanyama itakuwaje? Akamjibu, sasa hivi ninayeteseka ni mimi, kule atakuwepo mwingine ndani yangu atakayeteseka kwa ajili yangu, kwa sababu na mimi nitakuwa nateseka kwa ajili yake. Kajibu hivyo katikati ya uchungu, mwanamke asiye na daftari. Akajifungua mtoto wa kike, na dada mmoja Mkristo akamchukua akamlea kama binti yake.

Niwachekeshe kidogo kabla hatujaingia uwanjani. Mkuu wa askari alikuwa anawabana chakula na huduma, Perpetua akamwambia usoni, mbona hutulishi, na sisi ni wafungwa wa heshima kabisa, mali ya kaisari, tunaenda kupigana siku ya birthdei yake? Si utapata sifa tukitoka tumenona? Yule mkuu uso ukamwiva akaamuru watendewe vizuri.

Birthdei yenyewe ilikuwa ya Geta, mtoto mdogo wa kaisari. Hebu shikilieni hilo jina.

Uwanjani wanaume waliwekewa chui, dubu na nguruwe mwitu, sikai hapo sana, Saturus alikuwa anamwogopa dubu kuliko vyote na dubu akagoma kutoka bandani, chui ndo akamng'ata mara moja tu akalowa damu. Wanawake walitafutiwa ng'ombe jike mkali, eti wafanane jinsia. Wakavuliwa nguo wakaingizwa ndani ya nyavu, na umati ule ule uliokuja kuangalia damu ukaona mmoja ni binti laini, mwingine katoka kujifungua juzi na matiti yanadondosha maziwa, wakashindwa kuangalia. Wakarudishwa wakavalishwa kanzu. Nimelifikiria sana hilo jambo, kwamba maziwa ndo yaliwatia watu aibu, damu wala haikuwatia.

Perpetua alirushwa wa kwanza, akaanguka kwa kiuno. Akakaa, akavuta kanzu iliyochanika ubavuni akafunika paja, halafu akatafuta kibanio chake cha nywele, akazibana, maana nywele zilizotimka ni za mwanamke mwenye msiba na yeye hakutaka aonekane yuko msibani. Kisha akasimama, akamwona Felista kapondwa yuko chini, akaenda akampa mkono akamnyanyua, wakasimama wawili sambamba. Bibi na mtumwa. Mwandishi hakuongeza neno hapo, na mimi siongezi.

Waliotolewa nje wakarudishwa katikati kwa sababu umati ulitaka uone upanga ukiingia. Walikwenda wenyewe kwa miguu yao, wakabusiana busu la amani kwanza. Aliyepangiwa Perpetua alikuwa kijana mgeni kwenye hiyo kazi, upanga ukagonga mfupa, Perpetua akapiga yowe, kisha akaushika ule mkono unaotetemeka akauelekeza mwenyewe kooni. Siku kabla, daftari lake aliliishia kwa maneno kwamba yatakayotokea kwenye michezo ayaandike anayetaka.

Tukirudi kwa Geta. Mwaka 211 baba yao Septimius Severus akafa, Geta na kaka yake Caracalla wakarithi pamoja, na kabla mwaka haujaisha Caracalla akafanya Geta auawe akiwa amekumbatiwa na mama yao. Akaamuru jina lake lifutwe, likachongwa likatolewa kwenye mawe himaya nzima, mpaka leo ukienda kwenye yale magofu ya Afrika ya kaskazini unakuta jiwe limeandikwa vizuri halafu pana sehemu imekwanguliwa, pale ndo palikuwa na Geta. Mwenye birthdei kakwanguliwa, na mtumwa aliyeletwa kunogesha sherehe yake anatajwa kwenye misa.

Na kwenye mawe pia yupo. Mtakatifu Augustino, kama miaka 200 baadaye, alikuwa anahubiri siku yao na anacheza na majina, maana Perpetua ni ya milele na Felisita ni heri, ukiyaweka pamoja unapata heri ya milele, na walei walikipenda kile kitabu kiasi kwamba ikabidi akumbushe kwamba si Maandiko Matakatifu. Kanisa la kale la Karthago likaja likaanguka, Vandali, wavamizi waliotoka Ulaya, wakapita, Waarabu wakapita, nyasi zikaota. Mwanzoni mwa karne ya 20 padri mmoja mchimbaji wa mambo ya kale, Alfred Louis Delattre, akafukua hapo Karthago jiwe lililovunjika vipande vipande, akaviunganisha, na majina yao yapo, Felista na Perpetua na wenzao wa kiume.

Huyo Delattre ni Padri Mweupe. Shirika moja na wale waliombatiza bibi yangu! Lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, ambaye baadaye akawa pia askofu mkuu wa Karthago, na mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ukapita Bagamoyo ukielekea kwenye maziwa makuu, na kanzu zao nyeupe na rozari shingoni. Mwaka 1879 wakafika Buganda, na 1886 vijana wa Namugongo, wafiadini wa Uganda, wakachomwa. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mwaka 1964 aliwataja wafiadini wa Karthago kwenye mahubiri yale yale, akawaweka kwenye orodha moja. Mnaona jina linavyosafiri, kutoka Tunisia kwenda Roma kwenda Algiers, likabebwa kwa miguu kutoka pwani mpaka kwa bibi yangu aliyekuwa analima karanga na hajui kusoma, akaitwa Felista, na mimi miaka yote nasema jina la Kizungu.

Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mvua ilikuwa imezidi, mabati yanapiga kelele, watu wananusa chai. Akasimama bibi mmoja wa nyuma, mnamjua wote, yule anayelea wajukuu watano waliofiwa na wazazi wao, akauliza, yule dada aliyemchukua mtoto wa Felista aliitwa nani?

Nikamwambia kitabu hakikumpa jina. Akasema "aah", akaketi, akaanza kufungua chupa ya chai.